Maswali ya Wasomaji: Ziwa Limeganda na Mama Amekataa

Barua nne za mwezi huu zimetoka pande tofauti, lakini zote zinaulizia jambo moja, nalo ni namna ya kuishi katika majira ya baridi ya Marekani, ukiwa mwanafunzi au ukiwa mzazi mwenye watoto huko. Mimi nilisoma Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na nilipitisha huko majira sita ya baridi kabla ya kurejea Dar es Salaam. Ninawajibu kwa yale niliyoyaona na kwa yale niliyofundishwa na watu waliozaliwa katika baridi hiyo. Barua zimefupishwa.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa kwanza wa chuo hapa Minneapolis. Chumba ninakaa na mwenzangu wa Minnesota ambaye amekuwa kama ndugu yangu. Jumamosi ijayo yeye, baba yake na wenzetu wengine watatu wanakwenda kutembea juu ya ziwa lililoganda na kuvua samaki kwa kutoboa barafu, nao wamenialika. Nilipomweleza mama kwenye simu alilia, akanitaka niape kwamba sitakanyaga ziwa hilo. Moyo wangu unataka kwenda, lakini sitaki kumkosea mama. Je, barafu hiyo inaaminika? Na mama nimwambie nini? – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mama yako hakulia bure. Yeye ni mtu wa pwani, na kila mtu wa pwani anajua nyumba ambayo maji yalimchukua mmoja wao. Usimjibu kwa kumwambia kwamba hajui mambo ya huko. Mjibu kwa kujua vizuri zaidi kile unachokwenda kukikanyaga.

Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofika nyuzi 4 za selsiasi. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi, na barafu huwa nyepesi zaidi, ndiyo maana inaelea. Kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu, na chini ya sakafu hiyo maji hubaki maji na samaki huendelea kuishi. Swali la kuuliza ni unene wa sakafu. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri kwamba anayetembea kwa miguu asikanyage barafu yenye unene wa chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, tena iwe barafu mpya iliyo angavu na ngumu. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ina takriban nusu tu ya nguvu ya barafu angavu, kwa hiyo unene wake unapaswa kuwa mara mbili. Tena unene hauwi sawa ziwa zima: palipo na chemchemi, panapoingia mto, chini ya madaraja na kandokando ya matete, barafu huweza kuwa nyembamba hata kama hatua ishirini mbele yake gari linapita. Theluji nyingi juu ya barafu nayo hudanganya, kwa sababu huifunika kama blanketi na kuizuia isinenepe. Wala usiamini mwezi wa kalenda. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa na joto lisilo la kawaida, na maziwa ambayo watu wamezoea kuyatembea Januari hayakuwa ya kuaminika.

Mimi mwenyewe nilikwenda mara ya kwanza mwezi Januari, na baba wa mwenzangu ndiye aliyetuongoza. Alitangulia akiwa na fimbo nzito ya chuma, anaipiga chini kila baada ya hatua chache na kusikiliza. Tulipofika mahali alipopataka alichukua keekee ya barafu, ambayo ni parafujo kubwa yenye urefu unaonifika kifuani, akatoboa shimo la upana wa sahani. Maji yalipanda yakajaa shimoni, meusi kabisa, huku vipande vya barafu vikielea juu yake kama nazi iliyokunwa. Akaingiza rula yenye ndoano mwishoni, akaikwamisha chini ya barafu na kunionyesha: sentimita 31. Nilikuwa nimejiambia kwamba sitaogopa, na baada ya kuiona ile namba kwa kweli sikuogopa, mpaka barafu yenyewe ilipolia. Ni mlio unaoanzia mbali, kama mtu amepiga bati la paa kwa gongo, kisha unapita chini ya miguu yako na kwenda zake upande wa pili wa ziwa. Nilimshika mwenzangu mkono. Baba yake akanieleza kwamba barafu hutanuka na kusinyaa kadiri baridi inavyobadilika, na kwamba mlio ule peke yake si dalili ya kuvunjika. Ninakueleza haya mapema ili usije ukakimbia.

Kosa nililolifanya siku ile ni la glavu. Nilivua moja ili nipige picha, nikakaa nayo mfukoni kwa dakika tano au sita, na vidole vikafa ganzi hata nikashindwa kufunga zipu ya koti langu mwenyewe. Yule mzee hakunisugua mkono, wala hakuniruhusu niusugue. Aliniambia niuingize kwapani mwangu, chini ya nguo zote, nikae hivyo. Damu iliporudi niliumia mpaka machozi yakatoka. Ngozi iliyoanza kuganda haisuguliwi, na haipakwi theluji kama wengine wasemavyo. Inapashwa moto polepole, kwa joto la mwili au kwa maji ya vuguvugu yasiyochoma. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu ambao vitabu huuelezea hauonekani vizuri. Tazama sehemu inayogeuka kijivu au inayong'aa kama nta, na zaidi ya yote isikilize ganzi. Kiungo kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla ungali nje, usishukuru. Ingia ndani upesi, na kama hisia hazirudi nenda kwa daktari.

Kuhusu mavazi, nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa maana pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Tafuta ya sufu au ya nyuzi za michezo. Juu yake vaa sweta, na juu ya sweta koti lisilopitisha upepo. Glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja hutunza joto kuliko zile zinazovitenganisha. Buti ziwe na nafasi ya kuchezesha vidole, kwa sababu soksi tatu ndani ya buti linalobana huzuia damu, na mguu ukakosa joto ingawa umeuvisha sana.

Kabla ya kwenda, uliza pia kama kuna mtu mwenye vile vishikio viwili vya mbao vyenye misumari vinavyovaliwa shingoni kwa kamba. Mtu akizama huvitumia kujikokota juu ya barafu. Wataalamu wa baridi hufundisha hesabu rahisi: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, kwa sababu mshtuko wa maji baridi hukufanya uheme hovyo, una takriban dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na una kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Ukizama, geukia upande uliotokea, maana barafu ya huko ndiyo iliyokubeba. Piga miguu kama unayeogelea, jivute kwa tumbo, na ukishatoka usisimame bali jiviringishe mpaka ufike mbali na tundu. Sikuelezi haya ili ukate tamaa ya kwenda. Ninakueleza kwa sababu wenzako wamelelewa nayo na huenda wakasahau kukuambia.

Sasa mama. Usiende kwa siri, hata kidogo. Mpigie simu kabla ya Jumamosi, umpigie saa mbili usiku wako, kwa kuwa majira ya baridi Tanga imetangulia Minneapolis kwa saa tisa na kwa mama itakuwa saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao akina mama wengi wa Tanga wako macho. Mwambie mnakwenda ziwa gani, na nani, mnatoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi. Mwombe mwenzako aonekane kwenye simu na amsalimie. Ukimfundisha neno «shikamoo» itasaidia kuliko hoja zako zote. Kisha mwambie mama hivi: hakuna mtu wa Tanga anayeingia baharini wakati wa kaskazi bila kumuuliza mvuvi, na wewe umemuuliza mvuvi wa hapo. Mwambie barafu itapimwa kabla hujaikanyaga, na ikipungua kipimo utabaki ufukoni. Halafu ahadi hiyo uitimize. Kama bado atakataa, mimi kwa upande wangu ningebaki ufukoni Jumamosi hii, niwapikie wenzangu chai ya tangawizi, nimtumie mama picha ya rula ile ndani ya shimo, na kuomba ruhusa tena Jumamosi itakayofuata. Minnesota ina maziwa zaidi ya 11,000 na majira marefu ya baridi, ziwa halitakukimbia.

SWALI: Dada, mimi ni kijana wa Mwanza, ninasoma Duluth, Minnesota. Tangu Novemba nimebadilika. Ninalala kwa muda wa saa kumi na moja na bado ninaamka nimechoka. Vipindi vya asubuhi ninavikosa. Wenzangu Watanzania na Wakenya hupika pamoja kila Jumamosi, wamenialika mara nyingi, nami hutoa udhuru. Nyumbani ninawaambia niko salama. Je, huu ni uvivu? – Kijana wa Mwanza

JIBU: Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Si uvivu.

Umekulia mahali ambapo saa zetu za Kiswahili zinakwenda na jua: saa kumi na mbili hivi asubuhi linachomoza, saa kumi na mbili hivi jioni linazama, na tofauti ya mwaka mzima ni ndogo. Duluth mwezi Desemba jua linachomoza karibu na saa mbili asubuhi na kutoweka kabla ya saa kumi na nusu, na siku nyingi hata hilo liko nyuma ya mawingu. Nakumbuka jinsi nilivyotazama saa yangu ya ukutani nikaona kwamba hesabu niliyofundishwa utotoni imekosa maana. Mwili nao hupotea hivyo hivyo, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaouambia kwamba kumekucha. Hali ya watu kuzama katika huzuni na usingizi kila majira ya baridi yanapofika ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal pamoja na wenzake huko Marekani, na Rosenthal mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Afrika Kusini ambaye aliyaona mabadiliko hayo mwilini mwake baada ya kuhamia kaskazini. Kwa hiyo mtu aliyeieleza hali hii alitoka upande wetu wa dunia.

Nenda kwenye zahanati ya chuo wiki hii, wala usingoje mitihani iishe. Waeleze yale yale uliyoniandikia: unalala kwa muda gani, umekosa vipindi vingapi, tangu lini. Waombe wapime vitamini D, kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza na jua la Duluth wakati huu ni dhaifu. Waulize kuhusu taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000, ambayo watu hukaa mbele yake kwa nusu saa hivi kila asubuhi. Baadhi ya vyuo huziazimisha. Na kama fikra za kutotaka kuishi zimekujia hata mara moja, liseme hilo kwanza kabla ya mengine yote, au piga namba 988, ambayo Marekani nzima hupokelewa usiku na mchana.

Pamoja na daktari, toka nje. Minneapolis kuna njia za juu zilizofunikwa kwa vioo, zinazounganisha majengo ya katikati ya mji kwa kilomita 15 hivi. Ujenzi wake ulianza 1962, na mtu anaweza kutoka kazini, akala, akanunua vitu na kurudi nyumbani bila kuonja upepo. Nilizipenda sana mwaka wangu wa kwanza, na ninaamini ndizo zilizonifanya nihuzunike, kwa sababu nilikaa wiki nzima bila kuonana na mbingu. Afadhali dakika ishirini za adhuhuri nje, umevaa vizuri, kuliko siku nzima chini ya taa.

Tena wewe una bahati ambayo wengi hawana. Umetoka kwenye ziwa la pili kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani, ukaenda kwenye la kwanza, Ziwa Superior. Nenda Canal Park, penye lile daraja la chuma linalonyanyuliwa ili meli zipite. Meli za madini ya chuma, nyingine zenye urefu wa zaidi ya mita 300, huendelea kuingia na kutoka mpaka malango ya Soo, yale ya maji ambayo meli hupitia kutoka Ziwa Superior, yanapofungwa tarehe 15 Januari, na hurudi yanapofunguliwa tarehe 25 Machi. Simama pale mara moja tu uone meli ikipita kwenye mfereji huo, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia nyuso zao, ikipuliza honi na daraja likiijibu. Mtoto wa Mwanza hawezi kukiona kitu hicho moyo usimcheze. Ila tahadhari moja: usikanyage barafu ya Ziwa Superior kwa kuiga wanaotembea juu ya maziwa madogo. Ni ziwa lenye mawimbi kama bahari, na upepo huweza kuukata ufuo wa barafu na kuusukuma nje pamoja na waliomo juu yake.

Na Jumamosi hii nenda kwenye huo upishi. Ukishindwa kuongea, katakata vitunguu. Hakuna atakayekuuliza kwa nini macho yana machozi. Nyumbani waambie ukweli kidogo kidogo, kuanzia kwa yule unayemwamini zaidi, awe shangazi au kaka. Uniandikie tena mwezi ujao, tafadhali; nitakuwa ninaingoja barua yako.

SWALI: Bwana mhariri, sisi ni familia ya Kongo, tumefika Des Moines, Iowa, kutoka kambi ya Nyarugusu. Watoto wangu wanne wako shule. Wanaporudi wanataka kwenda kilimani kuteleza kwenye theluji na wenzao kwa vile visahani vya plastiki. Mama yao anasema watapata nimonia. Je, tuwaache? – Baba wa watoto wanne

JIBU: Baba, wasalimie wote nyumbani. Waache waende, nanyi mwende nao. Baridi peke yake haileti nimonia. Huletwa na vijidudu, ambavyo husambaa zaidi watu wanapojifungia ndani pamoja. Lakini hofu ya mama ina msingi wake, kwa kuwa mtoto aliyelowa na kukaa nje hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Wavisheni suruali za theluji na buti, na akilowa mmoja wao arudi nyumbani papo hapo. Chagueni kilima ambacho chini yake hakuna miti, barabara wala bwawa. Watangulize miguu, wasilale kwa tumbo kichwa kikiwa mbele, na kama kuna kofia ngumu ya baiskeli waivae. Skafu ichomekwe ndani ya koti isije ikanasa. Ndani ya gari, mdogo anayekaa kwenye kiti cha mtoto avuliwe koti nene kabla ya kufungwa mkanda, kisha afunikwe nalo, maana mkanda uliofungwa juu ya koti nene huwa umelegea.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini siwezi kufunga bila kulisema. Umeme ukikatika, au hita ikiharibika usiku, msiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata kama dirisha liko wazi, wala msipikie ndani kwenye jiko la kuchomea nyama la nje. Nyumba za huko zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na gesi ya kaboni monoksidi inayotolewa na mkaa haina harufu wala rangi. Watu hulala na hawaamki. Hakikisheni nyumba ina king'ora cha gesi hiyo na kwamba betri yake inafanya kazi. Hita ikizima, pigieni simu mwenye nyumba, na akichelewa nendeni kwa jirani. Wamarekani wa huko, ambao wakati mwingine huonekana wakimya, kwa jambo la baridi hufungua milango.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima wa Moshi. Kijana wangu anasoma Minnesota. Jana aliniambia wako «kumi» na wanacheza mpira nje na wenzake. Juzi aliniambia ameanguka barabarani mara mbili siku moja. Namba hizi sizielewi. Je, yuko salama? Na nimtumie nini? – Mama wa Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Namba hiyo ni ya kipimo cha farenihaiti, ambacho Wamarekani hutumia. Kwao maji huganda kwenye 32. Kumi yao ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri kwa kipimo chetu, na sifuri yao ni 18 chini ya sifuri. Vipimo hivyo viwili hukutana kwenye 40 chini ya sifuri tu. Kijana aliyevaa vizuri, anayekimbia na wenzake katika «kumi», yuko salama kabisa, mama, na mimi ningefurahi kusikia yuko nje na watu badala ya kuwa chumbani peke yake. Siku ya kumkataza ni ile yenye baridi kali pamoja na upepo. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwapo ngozi iliyo wazi ingeganda ndani ya dakika chache. Shule zilifungwa na hata posta ilisimamisha ugawaji wa barua. Siku za namna hiyo hutangazwa mapema na watu hukaa ndani.

Kuanguka ni jambo la kila mtu. Theluji huyeyuka kidogo mchana, ikaganda tena usiku, na barabara ikabaki na ngozi nyembamba ya barafu isiyoonekana. Mwambie atembee kama bata: hatua fupi, nyayo zimegeukia nje kidogo, mwili umeinama mbele juu ya mguu unaotangulia, na mikono isiwe mifukoni.

Barua yako ilinipendeza kwa sababu ya mahali ilipotoka. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, na alipomuuliza mwenyeji aliyekuwa akimwongoza, mtu huyo aliuita «baridi» tu, bila jina jingine. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, baadhi ya wasomi wa Ulaya walimkatalia kwa miaka mingi, wakidai haiwezekani karibu na ikweta. Wewe umeutazama weupe huo maisha yako yote, mama, na mwanao sasa anaukanyaga kila asubuhi akienda darasani. Mwambie hivyo siku akikupigia akiwa mnyonge.

Kuhusu cha kumtumia, usimtumie nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, kwa kuwa itachukuliwa uwanja wa ndege. Koti na buti anunue huko huko, hata kwenye maduka ya mitumba, yapo mengi na ni ya baridi yao. Lakini sweta la sufu halisi utalipata kwenye mitumba ya Memorial hapo hapo Moshi kwa bei ndogo. Soma kijikaratasi cha ndani uhakikishe ni sufu. Weka iliki, mdalasini na karafuu kavu, na kahawa ya Kilimanjaro iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, kwa sababu ile mbichi huweza kumletea maswali. Mtungi wa mafuta ya mgando hauhitajiki, anaweza kuupata kila duka, ila mkumbushe apake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, maana hita hukausha hewa ya ndani mpaka midomo na visigino vinapasuka.

Na kama mikono yako bado inafuma, mfumie kofia. Pima kichwa cha mdogo wake, uongeze upana wa vidole viwili, na uishushe mpaka ifunike masikio yote mawili.